Kicheko Kinachojua Pa Kukoma

Isookanga ni mrefu mno kijijini kwao na mfupi mno Kinshasa. Ni Mwekonda, wa jamii ya watu wa msituni kama Wambuti wa huku kwetu Kivu Kaskazini, Oicha na Mangina, ila amewapita wenzake kimo nao humwona kama mtu nusu. Akifika mji mkuu, huko nako anageuziwa shingo. Kwa kipimo hicho kimoja cha mwili, In Koli Jean Bofane ameshatupa mgeni asiye na kwao ndani ya nchi yake mwenyewe, bila hotuba hata moja juu ya uraia. Riwaya yenyewe ni Congo Inc., iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014, na ni ufundi huo ninaotaka tuutazame bila haraka.

Bofane alizaliwa Mbandaka mwaka 1954, akahamia Ubelgiji mwaka 1993. Aliye mbali na kwao huvutwa na maombolezo. Yeye akashika tashtiti. Na tashtiti yake huanza kwa kumpa mtu hamu iliyopita kiasi. Isookanga hataki urithi wa mjomba wake chifu, anataka utandawazi. Mnara wa simu umesimikwa msituni, naye anashinda kwenye kompyuta akicheza mchezo ambamo makampuni hupigania madini kwa silaha. Kampuni yake inaitwa Congo Bololo. Anapora na kuhesabu faida, hana chuki na mtu. Mwandishi hamkemei. Anamwacha aseme kwa furaha yale ambayo wenye makampuni ya kweli huyanong'ona, nasi wa Kivu Kaskazini tunayatambua neno kwa neno.

Mjini analala sokoni na watoto wa barabarani, akikutana na Zhang Xia, Mchina aliyetelekezwa na bosi wake. Wawili hao wanauza maji ya vifuko kwa jina la Uswisi. Wafanyabiashara wa Butembo wanaofuata mzigo Guangzhou wanaujua ugeni wa upande ule. Humu watamwona Mchina akiuonja kwetu, na hawatamcheka kwa ubaya.

Msomaji wa Beni, kwa upande wake, hahitaji kufundishwa maana ya kuwa mgeni kwao. Tarehe 26 Desemba 2018, CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais angeapishwa Januari. Tarehe 30, nchi ilipopiga kura, watu wa Beni walijitengenezea vituo vyao, wakapanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura walizojua hazitahesabiwa. Kumbuka kwamba kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha Mkongomani wa kawaida, hivyo kunyimwa kura ni kama kuambiwa wewe si wa hapa. Mji mzima ulifanya bila kalamu kile anachokifanya Bofane kwa kalamu: kufuata kanuni kwa uaminifu wote, mpaka aibu imrudie aliyeziweka. Isookanga naye ni mfuasi mwaminifu wa kanuni za soko la dunia, na uaminifu wake ndio unaozivua nguo.

Lakini kinachonifanya nimvulie kofia mwandishi huyu ni Shasha. Ni msichana aliyekimbia vita vya mashariki hadi Kinshasa, akaishia kuuza mwili wake. Mmoja wa wanaomnunua ni Waldemar Mirnas, afisa wa Umoja wa Mataifa. Hapo mzaha unaondolewa mezani. Mambo yanatajwa yalivyo, na msomaji aliyekuwa anacheka anajikuta ameshaingia ndani, hawezi kutoka. Wapo watakaosema kurasa zinazoeleza mauaji ya vita hivyo ni nzito kupita kiasi. Sikubaliani nao. Kitabu hiki kilitoka mwaka uleule ambao mauaji ya raia yalianza kuikumba wilaya ya Beni, mwezi wa Oktoba, na tangu hapo sidhani mtu wa Oicha au Mbau angeyaona mauaji ya kitabuni kuwa yametiwa chumvi. Kicheko kisichojua pa kukoma kingemfanya Shasha naye kuwa kichekesho.

Walimu wa fasihi wa Butembo na Beni, mnaosomesha vijana waliokwishayaona hayo kwa macho yao, wapeni Congo Inc. waisome, kisha wapeni karatasi nyeupe waandike ya kwao.