Mbiti na Kesho ya Newala

Chuoni historia ilikuwa somo langu kuu, falsafa somo dogo. Mhula karibu wote ulikwenda kwa Plato, Descartes na Kant; Mwafrika akaletwa juma la mwisho, kwa kitabu kimoja tu: African Religions and Philosophy cha John Mbiti wa Kenya, kilichotoka mwaka 1969. Wengi walikisoma kwa ajili ya mtihani. Mimi kilinikera, na kinanikera hadi leo.

Mbiti apewe haki yake kwanza. Alizifanya imani za Waafrika kuwa fikra za kusomwa darasani, wakati wengi wakiziita ushirikina mtupu. Lakini mle mna dai moja lisilomezeka. Asema Mwafrika wa jadi ana nyakati mbili, alizozipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wakati ujao karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambavyo kwa hesabu yake havivuki miaka miwili mbele.

Mimi ni mtu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Babu yangu alipanda mikorosho akiwa tayari anatembelea mkongojo. Mkorosho hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa, kisha huishi miongo. Alituambia, “Mimi sitaokota korosho zake, mtaokota ninyi.”

Msomaji atasema mkorosho ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazil, na babu alikwisha kuguswa na biashara na misioni. Ni kweli. Kule chini Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana alilichukua hata jando akalitia Ukristo. Nani basi atatuonyesha Mwafrika asiyeguswa? Wakamba wa Mbiti nao walikwisha kuguswa.

Hoja ya sarufi ndiyo dhaifu kabisa. “Will” ya Waingereza asili yake ni kutaka, na -ta- yetu ya “nitakwenda” yasemekana imetokana na “taka”. Je, Mwingereza naye hana kesho? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti mwaka 1987 kwa mifano ya Kiakan. Odera Oruka wa Nairobi alifanya jambo ninalolipenda zaidi: aliwahoji wazee mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake. Hapo ndipo penyewe, maana babu na jirani yake hawakupatana hata juu ya siku ya kupanda mtama!

Na hili si la darasani tu. Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka mashambani mwao kwenda vijijini. Sisemi waliohamisha walimsoma Mbiti. Lakini hawakumwuliza mkulima amekusudia nini. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Magonjwa na bei vilichangia, lakini mikorosho mingi ilibaki porini, mbali na wenyewe. Babu, na mkongojo wake, aliendelea kurudi kila msimu kuipalilia ya kwake.