"Swichi ya Jiko" ni Ipi?

Mwenye nyumba anapokarabati chumba chake cha kupikia huandika, au huandikiwa, orodha ya vifaa vya umeme: taa, swichi, soketi, nyaya na breka. Katika makala haya hatukusudii kuwafundisha mafundi kazi yao. Tunakusudia kuyapima maneno ya orodha hizo, pamoja na yale ya maelezo yafungashwayo na vifaa, kwani baadhi yake, ijapokuwa ni Kiswahili safi, yana hatari ndani yake.

Tuanze na jiko lenyewe. Neno hili ni mahali pa kupikia, na pia ni chombo cha kupikia. Katika mazungumzo halimtatizi mtu: asemaye "washa jiko" hakusudii chumba. Lakini kibandiko kwenye sanduku la breka hakizungumzi na mtu. Kina maneno mawili matatu tu. Palipoandikwa "Saketi ya jiko", fundi aliyekuja kubadilisha taa ya darini ataishusha breka hiyo akiamini yu salama, kumbe amekata umeme wa chombo, na taa za chumba zimo katika saketi nyingine iliyo hai. Dukani nako mambo ni yayo hayo. Jiko la umeme la wati 7000, kwa volti 230, huvuta mkondo wa ampea 30 hivi. Taa ya wati 9 haifikii hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Aliyeagizwa "swichi ya jiko" akatoa swichi ya taa, ametoa kitu kitakachoungua.

Wapo wasemao kwamba kiambishi -ni kinatosha: "jiko" liwe chombo, "jikoni" iwe chumba. Hoja hii ina uzito, nasi tulikaribia kuikubali. Hata hivyo, "swichi ya jikoni" ni swichi yoyote iliyomo chumbani humo, pamoja na ile ya chombo. Neno "meko" nalo limezoea mafiga na kuni. Kulivisha nyaya ni kulionea. Maoni yetu ni kwamba chombo kitajwe kwa ukamilifu, "jiko la umeme", na saketi za chumba zitajwe kwa kazi zake: "taa za jikoni", "soketi za jikoni". Tutaambiwa kwamba kibandiko ni kidogo. Na kipanuliwe.

Ama kuhusu kitenzi, tumesoma mara nyingi agizo hili: "Zima umeme kabla ya kubadilisha taa." Msomaji hubonyeza swichi ya ukutani, huona giza, akaamini kwamba ametii. Swichi hiyo kwa kawaida hukata waya mmoja tu, na pale ilipofungwa kwenye waya usiostahili, holda hubaki na umeme ingawa taa imezimika. Mfasiri aliyeuelewa mtego huu angaliandika: "Kata umeme kwenye swichi kuu." Tofauti hiyo haikuhitaji kubuniwa na kamati yoyote, kwa maana asiyelipa ankara hukatiwa umeme, hazimiwi.

Kuna pia taa ziitwazo "za mwanga wa joto". Hapa mfasiri amefuata neno la kigeni akaliacha jambo lenyewe. Mnunuzi hudhani kwamba taa itampashia chumba joto. Na akitazama kipimo cha kelvini kwenye boksi atachanganyikiwa zaidi, kwa sababu mwanga huo ndio wenye nambari ndogo, 2700 hivi, na ule mweupe unaoelekea buluu una 6500. Wauzaji wamekwisha kusema "taa ya njano" na "taa nyeupe", na hatuoni sababu ya kuwasahihisha, ila pengine kuongeza neno "mwanga" ili isidhaniwe kuwa ni rangi ya kioo.

Jingine ni "isiyopitisha maji", maneno tuliyoyaona juu ya taa yenye alama ya IP44. Tarakimu ya pili, yaani 4, huahidi kinga dhidi ya maji yanayorukia taa kutoka upande wowote, wala haiahidi kwamba taa yaweza kuzamishwa au kupigwa na maji ya mpira. Iitwe "inayostahimili maji ya kuruka", na juu ya karo itafaa.

Maneno ya mafundi kama soketi, plagi, holda na fyuzi tunayapokea yote. Lawama yetu ni moja tu, kwamba wengi huiita "plagi" hata ile ya ukutani. Plagi ya meno matatu mapana hubeba fyuzi ndani yake. Kwa hiyo agizo la "fungua plagi ubadilishe fyuzi", likisomwa na mtu wa namna hiyo, humpeleka na bisibisi hadi ukutani, penye nyaya zilizo hai.