Si Rikazi, ni Luqata



Siku chache baada ya Idd el-Fitri alinijia barazani, hapa Korogwe, kijana niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu Juzuu Amma. Akanishika mkono, akaketi, na tulipokwisha kujuliana hali akatoa fundo la kitambaa akaliweka mkekani. Lilikuwa limejaa sarafu, za mia, za mia mbili na za mia tano. Akasema, "Maalim, hii ni khumusi. Nimetafuta nikapata, na fungu la tano nimekiletea chuo." Nilifurahi sana. Ni wangapi siku hizi wanaokumbuka haki ya Mwenyezi Mungu katika chumo lao? Nikapokea, nikamwombea dua, na fedha ile nikaiweka pamoja na ya bati la chuo. Sikumwuliza aliipata wapi.

Kosa hilo ni langu, nami nalitaja mwanzo ili nisije nikaonekana namkosoa mtoto ilhali mzee ndiye aliyelala.

Mahali alipotafuta ni kiwanja cha watoto, pale wanapofungiwa bembea sikukuu zote. Alitumia ile mashine ya kutambua metali ambayo vijana huiita ditekta, na aliiazima kwa shemeji yake aliyekuwa akitafuta dhahabu upande wa Handeni. Mnajua kwamba Handeni, pamoja na Kilindi iliyotengwa nayo mwaka 2002, ni nchi yenye dhahabu, na wachimbaji wadogo wamevizunguka vilima vyake kwa miaka. Mashine hizi zilikuja kwa kazi hiyo, na sasa ziko nyepesi za kuchukuliwa na mtoto kwa mkono mmoja. Ni mpini tu, chini una sahani ya duara na juu una betri, na mtu huipunga juu ya ardhi kama afagiaye bila ya kugusa. Ndani ya sahani mna nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ikikutana na metali yo yote huamsha ndani yake umeme mdogo, ambao mashine huusikia ikalia.

Haioni dhahabu, ndugu yangu, inasikia metali tu. Pete nyembamba ya dhahabu na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara huweza kuilisha sauti moja, ndiyo maana kiwanja kikishapitiwa hubaki kimejaa vishimo kama kimechimbwa na kuku. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta chombo cha namna hii kuitafuta risasi mwilini mwake. Chombo kikapotezwa na chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Risasi haikuonekana, na rais akafa Septemba ya mwaka huohuo.

Huko Marekani na Uingereza kutafuta vitu kwa mashine hizi ni mchezo wa mapumziko, na wenye mchezo huo wameuandikia vitabu. Wanaoanza hushauriwa waende na mashine nyepesi kwenye viwanja vya watoto, watafute chini ya bembea na mwisho wa mteremko, kwa kuwa hapo mtoto hupinduka na mifuko ikamwagika. Kwa elimu ya vitu ushauri huu ni sahihi kabisa. Ila tazama umejengwa juu ya nini: umejengwa juu ya kujua hakika kwamba kitu kile kimemwanguka mtu, na mtu mwenyewe ni mtoto. Nakiri kwamba wako miongoni mwao wanaohangaika kumtafuta mwenye pete mpaka wakamrudishia, na hao wametutangulia katika jambo lililo letu. Vijana wetu wameuchukua ule ushauri wa bembea, na hilo la kurudisha wakaliacha hukohuko.

Kijana wangu alikuwa na hoja. Alisema wazee wamemsimulia kuwa Wajerumani walifukia mali zao huku walipokimbia, na kilichofukiwa ardhini ni rikazi, na rikazi hutolewa khumusi. Hoja hii nimeisikia kwa watu wazima pia, basi tuipime.

Kweli Wajerumani walikuwapo. Reli yao ilitoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na wakati wa vita waliweka njia ya vigari kutoka Mombo mpaka Handeni. Waingereza waliitwaa miji hii miwili Juni 1916. Hizo sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano zenye picha ya tembo, ambazo watu huziota usiku, zilipigwa Tabora mwaka huohuo wa 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, nazo zilikuwa kama elfu kumi na sita tu. Yaani dhahabu hiyo ilikuwa inatengenezwa Tabora wakati Mjerumani wa Korogwe anafunga mizigo. Sisemi ni muhali moja kufika huku. Nasema mtu anayetoboa kiwanja cha shule kwa tamaa hiyo atapata zaidi heleri yenye tundu, au senti kumi ya mkoloni aliyefuata, yenye tundu vilevile.

Ama rikazi, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ni dhahabu au fedha iliyofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu, ikaonekana katika ardhi isiyo na mwenyewe, ikafikia nisabu. Hiyo ndiyo yenye khumusi, wala haingojewi mwaka. Ikiwa na alama ya Kiislamu, kama jina la mfalme Mwislamu, inatoka katika rikazi. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari chache za dhahabu, zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa karne nyingi zilizopita. Hata hazina kama ile, kwa sharia yetu, haiitwi rikazi. Itakuwaje basi shilingi mia mbili iliyomwanguka mtoto siku ya Idd? Na khumusi yenyewe, kwa madhehebu yetu, huenda kwa wanaostahiki zaka, si kwenye bati la chuo. Kwa hiyo mimi nilikosea mara mbili.

Kitu kilichomwanguka mtu ni luqata, na Minhaji ya Imamu Nawawi ina mlango mzima wa luqata. Asili yake ni hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, ambaye amepokea kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliulizwa kitu cha kuokotwa, akaamrisha ujulikane mfuko wake na kamba yake, kisha kitangazwe mwaka. Wanavyuoni wakafafanua: mwanzo kila siku, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, sokoni, penye mikusanyiko, na milangoni pa misikiti, si ndani ya msikiti. Mwenye kutangaza hutaja baadhi ya sifa tu, asije mwongo akazikariri. Kitu duni, kama sarafu moja moja, hakihitaji mwaka. Hutangazwa muda wa kiasi cha kudhani kwamba mwenyewe amekwisha kukisahau. Kijana anayeokota shilingi mia njiani sitamtia tumbo joto. Lakini kipuli cha dhahabu si kitu duni, wala mama hakisahau.

Pana jambo jingine ambalo mashine hii imelifanya kubwa. Luqata ya zamani ilimkuta mtu yuko njiani na shughuli zake. Huyu wa sasa ametoka nyumbani kwake makusudi kukiendea alichopoteza mwenziwe. Akikusudia kukirudisha, amefanya wema. Akikiokota kwa nia ya kukila, wamesema wanavyuoni kwamba huyo ni mwenye kudhamini kama aliyepora, na hata akigeuka baadaye akatangaza, hakimilikiki kwake.

Haya yote nilikuwa nayajua tangu ujana wangu. Yalikuja kunigonga kichwani pale mama mmoja aliposimama mlangoni pa chuo kuuliza kama kuna mtoto aliyeokota kipuli cha binti yake, kilichoanguka kwenye bembea siku ya Idd pili. Alisema ni urithi wa bibi yake. Nikamtuma mtu akaniitie kijana. Alikuja mara moja, wala hakukana: alipata kipuli, pete na sarafu, na kipuli alikwisha kukiuza kwa sonara Tanga. Tulikwenda pamoja. Kilikuwa kimeyeyushwa.

Kijana analipa thamani yake kidogo kidogo, na mama amekubali kungoja, Mungu amjazi. Ile fedha ya bati nimeitoa, nayo inatangazwa. Mashine imerudi kwa shemeji huko Handeni, naye nimempelekea salamu kwamba sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimba vitu vya kale bila ya leseni, na kiwanja cha shule kina mwalimu mkuu wa kuombwa ruhusa. Uingereza, ambako mchezo huu una wafuasi wengi, iliweka sheria mwaka 1996 kwamba mwenye kuona hazina aipeleke khabari kwa wakuu ndani ya siku kumi na nne. Sisi tulipewa mwaka mzima wa kutangaza, kabla yao kwa karne kumi na tatu.

Pete bado ninayo, ndani ya kopo la chai kabatini pa chuo. Tunaitangaza mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, na mwaka haujatimia. Iliokotwa kiwanja cha bembea. Ni ya dhahabu au ya fedha, ina jiwe au haina, sitasema. Mwenyewe atakuja kunieleza.