Kitenzi Oida na Jua Lisilohusika

Kitabu cha sarufi tulichotumia katika darasa la Kigiriki cha Agano Jipya kinakiweka kitenzi oida, yaani "najua", miongoni mwa vitenzi visivyofuata kanuni. Maelezo yake ni mstari mmoja: umbo ni la wakati timilifu, maana ni ya wakati uliopo, mwanafunzi akariri. Nayapinga maelezo hayo, hasa hapa kwetu Burundi, ambako darasa zima linajua Kiswahili.

Mzizi wa oida ulimaanisha kuona. Zamani ulianza kwa sauti ya w, ambayo Kigiriki kiliipoteza. Kilatini kina videre, kuona. Kisanskriti kina veda, najua. Na Kigiriki chenyewe kina eidon, niliona. Basi oida ni "nimeona", na aliyekwisha kuona anajua. Kuna ugeni gani hapo? Mtoto akisema "baba amelala", hatoi habari ya jana. Baba yuko kitandani sasa hivi. "Nimesimama" ni vivyo hivyo. Kiambishi -me- kimetufundisha oida kabla hatujafungua kitabu, na kitenzi chenyewe kimo zaidi ya mara 300 katika Agano Jipya.

Lakini ugunduzi huo ulinilevya. Katika insha ya muhula niliandika kwamba Waswahili nao wamelipata neno kujua kutoka kwa jua la mbinguni: penye mwanga mtu huona, na akiona hujua. Mhadhiri aliandika pembeni neno moja: "Ushahidi?" Alama zikashuka, nami nikanuna wiki nzima.

Ushahidi ulikuwa kinywani mwangu, ila ulinipinga. Kirundi huliita jua izuba, na "najua" ni ndabizi, au kumenya tukitaja kitenzi chenyewe. Kwa Waganda jua ni enjuba, kujua ni okumanya. Ile b ya izuba na enjuba ndiyo iliyodondoka katika jua la Kiswahili. Kati ya lugha hizi tatu, ni katika Kiswahili tu maneno hayo mawili yanafanana. Oida ina ndugu wanaoitolea ushahidi. Hoja yangu ilikuwa na mlio tu.

Insha niliiandika upya. "Amelala" akabaki, jua likatoka. Sasa nachunguza elewa na elea, kama katika "habari imenielea", na safari hii nimeanza na kamusi.