Pongezi kwa Mafundi wa Diski

Mkulima wa Endabash, Karatu, akiuza mbaazi na kulipwa kwa simu, salio lake huhifadhiwa kwenye diski zilizo mbali naye, na diski hufa. Salio halipotei kwa sababu kuna fundi wa chumba cha seva, na nampongeza kwa dhati.

Tazama anavyofanya kazi. Kwanza anahakikisha nakala rudufu ipo. Anasoma namba ya diski mbovu, anailinganisha na taa ya njano inayowaka, kisha anasoma tena: mfumo ukiwa unahimili kufa kwa diski moja tu, kuchomoa nzima kimakosa ni kuangusha zote. Anavaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi, maana umeme tuli ambao ngozi haiuhisi unaweza kuunguza saketi. Anaivuta diski kidogo, anasubiri iache kuzunguka, ndipo anaitoa.

Mifumo hii ya diski zinazokingana, iitwayo RAID, ilielezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, Marekani, mwaka 1988. Hesabu zao ni thabiti, lakini uangalifu ni wa fundi. Diski mpya ikiingia, data hujengwa upya kwa saa nyingi. Katika mfumo unaohimili kufa kwa diski moja tu, ya pili ikifa kabla kazi haijaisha, kinga inayobaki ni nakala rudufu pekee. Ndiyo maana fundi huyu haondoki, na huduma haizimwi hata dakika moja.