Askari Juu, Mpagazi Chini

Wasomaji wetu wafikapo Dar es Salaam huenda kwanza kuyatazama makanisa mawili ya pwani, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, wala hapana wa kuwalaumu, maana yote mawili yalimalizika mwaka 1902 na yangali yakipendeza. Boma la Kale nalo, la zamani za Sultani Majid, lastahili kutazamwa kwa kuta zake za matumbawe. Lakini leo twataka kunena habari ya vitu viwili ambavyo wengi huvipita pasipo kuuliza: sanamu ya Askari, na jina la Kariakoo.

Sanamu yasimama katika barabara ya Samora. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo ilifunuliwa mwaka 1927 iwe ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika vita ya 1914 hata 1918. Kwa kazi ya mikono hatuna neno. Askari ameinama kidogo, bunduki yenye singe i mbele yake, naye aelekea bandarini. Ni mwendo wa mtu aendaye, si wa mtu aliyesimama apigwe picha. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yasome, ndugu, usiondoke upesi. Utaona ya kuwa wapagazi nao wametajwa.

Wametajwa tu, na hilo ndilo linalotuuma. Katika vita ile mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na njia za magari zilikuwa chache. Basi chakula, risasi na mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wengi walitwaliwa kwa nguvu vijijini. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara damu, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Stevenson alilijua jambo hili, kwa kuwa katika sanamu aliyoifanya kwa mji wa Nairobi alimweka mpagazi juu, pamoja na wenye bunduki. Kwa nini Dar es Salaam asipewe nafasi ile?

Kabla ya vita Wadachi walikuwa wamemsimamisha mjini humu gavana wao, Hermann von Wissmann, na askari Mwafrika akawekwa chini ya miguu yake, akimtazama bwana juu. Waingereza waliiondoa sanamu ile. Ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Basi katika sanamu ya Wadachi aliyekuwa chini ni askari. Katika hii ya pili askari amepanda, na aliyebaki chini ni mpagazi.

Kutoka hapo twende kwa miguu, tupite Mnazi Mmoja, tuingie Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wao waliwekwa huku, na jina la Kiingereza la kikosi chao likageuzwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariakoo. Nairobi pia wanalo, nao husema Kariokor. Tuliwauliza wachuuzi watatu asili yake. Wawili hawakujua, wa tatu alisema ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka.

Jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975 twalisifu. Mchoraji wake, Mtanzania Beda Amuli, alilipa paa la miavuli mikubwa ya zege, mwenye kuuza akae kivulini na upepo upite; na hata baada ya moto wa Julai 2021 watu hulikumbuka kwa paa lile. Walakini tulipolizunguka hatukuona jiwe lo lote lenye kueleza jina la mahali. Yoshua alisimamisha mawe 12 kutoka Yordani, ili watoto wakiuliza, baba zao wapate la kujibu. Sisi twaomba moja tu, la Kiswahili, mlangoni pa soko, wala lisiwe refu.

Tulipokuwa tukisema hayo tulisukumwa kando. Mchukuzi alikuwa akipita na gunia mabegani, jasho likimtiririka, akipaza sauti: "Mzigo! Mzigo!"