Kiti Kinachoijua Barabara

Mzee aliniambia nifumbe macho.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Datsun iliyokufa zamani, miguu juu ya pedali alizozichomelea mwenyewe, na mbele yangu skrini ikionyesha barabara ya vumbi ya Naivasha. Mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma yangu na kidhibiti cha mchezo mkononi; yeye ndiye aliyekuwa dereva. "Fumba," mzee akarudia. "Macho yana kelele." Nikafumba. Injini ikanguruma, mgongo ukakandamizwa kwenye kiti, na kwa muda nikasahau kwamba nilikuwa ndani ya karakana ya mabati mjini Nakuru. Kisha uzito wa mwili ukateleza kutoka mgongoni ukaja mapajani: breki. Ukahamia ubavu wa kushoto, polepole, kama uji unavyohamia upande mmoja wa bakuli lililoinamishwa.

"Kona ya kulia," nikasema.

"Fupi au ndefu?"

"Ndefu. Inazidi kukaza mwishoni."

Mzee hakujibu. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya kiti, anasikiliza kwa mkono.

Ungeiona mashine ile ikiwa imezimwa, ungeipita bila kusimama. Chini ya kiti, pale uzito wote unapokutana, alikuwa amefunga krosi ya propela ya Land Rover kuukuu. Ndani ya gari kazi ya krosi ni kupeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu hata barabara ikipinda na kuinuka. Mzee aliisimamisha wima juu ya boriti fupi, akakichomelea kiti juu yake, ikawa kama nyonga ya mtu: kiti kikaweza kuinama mbele na nyuma, kushoto na kulia, ila hakikuweza kuzunguka. Nyuma yake zilikaa mota mbili za waipa, zimetoka kwenye matatu zilizomaliza safari zake. Kila mota ilishika fimbo ya chuma, na kila fimbo ilishika bega moja la kiti. Mota zote zikivuta, kiti kinalala nyuma. Zote zikisukuma, kinainama mbele. Moja ikivuta na nyingine ikisukuma, kinalala ubavu.

Mota ya waipa ina subira ambayo watu hawaioni, kwa sababu huikumbuka siku ya mvua tu. Ndani yake mna gia ya parafujo. Mota huizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha mota. Ukiusukuma mkono wake kutoka nje, unagoma. Kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, na Nakuru umeme hukatika, kiti hubaki palepale kilipo. Hakimwangushi aliyekaa. Mzee alinionyesha jambo hilo mara tatu siku ya kwanza, akizima swichi katikati ya kona, na kila mara alinitazama usoni kuhakikisha nimelielewa.

Siri yote ya kazi hii ni uzito. Kiti hakiendi popote. Ndani ya sikio la mtu mna vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolalia vinyweleo laini, na hivyo ndivyo vinavyotujulisha kama mwendo unaongezeka au unapungua. Lakini vijiwe hivyo haviwezi kutofautisha gari linalochomoka na kiti kilicholazwa nyuma, maana yote mawili huvivuta upande mmoja. Mjenzi humlaza mtu kwa nyuzi 10, macho yakiwa kwenye barabara inayokimbia, na mgongo unapokea kama sehemu moja ya sita ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anakandamizwa kwa kilo 12 hivi, na mwili unakubali kwamba gari limeondoka. Baada ya hapo kiti lazima kirudi katikati, taratibu mno, kiasi cha sikio kutogundua, ili kiwe tayari kwa kona inayofuata. Kukiinamisha hata mwanagenzi ataweza. Kukirudisha bila aliyekaa kujua, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Ujanja huu umeitangulia michezo ya video kwa miaka mingi. Mwaka 1929, mjini Binghamton katika jimbo la New York, Edwin Link alijenga ndege ndogo isiyoruka, akaiinamisha kwa mivukuto. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani, na mivukuto ndiyo pumzi ya ogani. Mwanzoni walioinunua ni wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilikuja 1934, baada ya marubani wake kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Na ile mashine ya miguu sita ambayo leo hubeba vyumba vya kufundishia marubani, Eric Gough aliijenga miaka ya 1950 huko Birmingham, Uingereza, katika kiwanda cha Dunlop, akitaka kupima matairi. Napenda kulikumbuka hilo. Kazi hii ilitoka mikononi mwa watu wa ogani na watu wa matairi, watu waliozoea kushika kitu na kukisikiliza.

Mzee yeye alikuwa mtu wa shokomzoba. Mwaka 1968, mbio za magari za Safari Rally zilipofika tamati na magari saba tu, alikuwa mwanagenzi kwenye gereji moja ya Nairobi, na kazi aliyoruhusiwa ni kubandua matope yaliyokauka ili mafundi wakubwa waone kilichovunjika. Alisema matope yale yalimfundisha mengi, kwani kwa kuangalia yalikoganda zaidi alijua gari lilikuwa likiegemea wapi njia nzima. Baadaye akapewa spana. Miaka mingi alifunga na kufungua shokomzoba za magari ya Safari, na alipostaafu akarudi Nakuru kutengeneza pikapu za wakulima.

Mwaka 2020 mashindano ya dunia ya mbio za magari, WRC, yalitarajiwa kurudi Kenya, baada ya kukosekana tangu 2002. Korona ikayafuta. Mwaka huohuo ukatoka mchezo wa video wa WRC 9, na Safari yetu imo, kwa hiyo vijana wakaiendesha kwenye skrini kabla magari yenyewe hayajafika Naivasha mwezi Juni 2021. Mjukuu wake, binti aliyekuwa akisomea umeme katika chuo cha ufundi, alimwonyesha. Mzee alitazama dakika chache, kisha akauliza, "Gari linapigwa hivi, na mwili wako haujui?"

Swali lile lilinirudisha utotoni. Sisi wa Bonde la Ufa tuliokuwa watoto Shekhar Mehta aliposhinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kila mmoja na gari lake la waya, wote tulikuwa Mehta. Waya tuliutoa kwenye nyua za watu, Mungu atusamehe. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala zilizotoboka kisigino. Usukani ulikuwa waya mrefu uliopanda hadi kifuani, na ulikimbia nyuma ya gari lako peku, mdomo ukiwa injini, mabega yakilala kwenye kila kona.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa mtaa. Magari ya wenzetu yalikuwa makavu, ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye bodi. Yeye alichukua waya mwembamba, akauzungusha kwenye msumari wa inchi nne, mzunguko baada ya mzunguko, ukigusana kwa usawa, kisha akauchomoa msumari. Ikabaki springi. Alitengeneza nne kwa kila gari, na moja ikitoka fupi kuliko nyingine aliitupa akaanza upya, nami nimechuchumaa pembeni nikimsubiri hadi jua linazama. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, gari lenyewe halina hata abiria. Akanipa usukani wa gari lisilo na springi nikimbie nalo juu ya changarawe, kisha wa lile lenye springi. La kwanza lilinipiga mkono tu. La pili lilipopita juu ya kijiwe, waya ulikileta kijiwe kile hadi kwenye vidole vyangu, kikubwa au kidogo, cha kushoto au cha kulia. Nimeshika mengi tangu siku hiyo, na sijui kama nimewahi tena kuisoma ardhi vile kwa mkono.

Ndiyo maana nilirudi kwenye karakana ya mzee kila nilipopata nafasi, mwaka mzima ule wa kuijenga mashine na mwaka mzima uliofuata wa kuitengeneza, maana huyu hakuwa mtu wa kumaliza kitu haraka.

Kosa la kwanza la mzee na mjukuu wake lilikuwa zuri kiasi kwamba nalisimulia. Ili kompyuta ijue kiti kimefika wapi, kila mota inahitaji kipimo kwenye mhimili wake. Mzee alivitoa vipimo hivyo kwenye redio mbili za zamani, vile vinavyokaa nyuma ya kitufe cha sauti. Kiti kikawa na tabia ya ajabu: upande mmoja kinakwenda kwa ulegevu, upande wa pili kinarukia. Wiki nzima waliilaumu programu. Kumbe kitufe cha sauti cha redio hutengenezwa kumfuata msikilizaji, nalo sikio halipokei sauti kwa hatua zilizo sawa, kwa hiyo nacho hakipandi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Walipoweka vipimo vinavyopanda kwa usawa, kiti kikatulia. Mzee alivirudisha vile vya zamani ndani ya redio zake, akazipanga rafuni. Alisema hazikuwa na kosa.

Mchezo hutoa nje taarifa za gari mara nyingi kwa kila sekunde, na kibao kidogo cha Arduino huziambia mota la kufanya. Programu aliiandika binti. Ndani yake mlikuwa na namba tatu: ya kwanza ni nguvu ya kusahihisha kosa, ya pili ni kumbukumbu ya makosa yaliyosalia, ya tatu ni breki. Ya kwanza ikizidi, kiti hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikipungua, kinafika kwenye kona wakati kona imeshapita. Kila jioni mzee aliweka kiganja nyuma ya kiti, binti akaendesha kipande kilekile cha barabara, na mzee akataja namba. Aliziandika kwa chaki kwenye bati la ukuta, akafuta, akaandika.

Binti alitaka kiti kimtupe mtu. Mzee kila siku alipunguza.

"Guka, ukipunguza zaidi hakuna atakayesikia kitu."

"Usitikise," alimjibu. "Inamisha."

Shimo alilifanya dogo kuliko lilivyoonekana kwenye skrini. Mrukio aliuacha uwe mwepesi tu, kiti kinashuka kidogo chini ya mapaja, halafu kimya, halafu ardhi. Wageni waliozoea kelele walishuka wakisema haina nguvu. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alishuka bila kusema lolote, akazunguka nyuma kuitazama krosi, akaomba kukaa tena.

Leo nikipita kwenye majumba ya biashara ya Nairobi naona viti vya michezo vya kulipia. Vinatikisika kwa mpigo uleule gari likipanda au likishuka, na watoto wanashuka wakiamini wameendesha. Sina ugomvi na watoto. Nawahurumia, kwa sababu waliovijenga viti hivyo hawakuiheshimu miili ya watoto hata kidogo; walihesabu sarafu, wakaweka mtetemeko. Na huko kwenye gereji nako, mota ya waipa ikigoma kwa sababu ya uchafu kidogo tu, inatupwa yote, pamoja na gia yake nzima na beringi zake nzima. Nimeokota mbili mwaka huu kando ya barabara. Nilizifungua, nikazisafisha, nikazitia grisi. Zote zinafanya kazi.

Mzee alifariki mwaka jana wakati wa mvua ndefu. Binti alikuwa ameshapata kazi Mombasa. Nilipofika kutoa pole, wanawe, watu wema walionipokea vizuri na kunipa chai, walikuwa wakiisafisha karakana, na mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa uani na mizani yake ya kuning'iniza. Kiti kilikuwa kimeshatenganishwa. Fremu peke yake, mota peke yake, krosi juu ya rundo la pedali na fimbo. Niliichukua krosi mkononi. Iliinama pande zote bila sauti, grisi yake bado safi. Mnunuzi alisubiri kwa adabu, kisha akaiomba, akaitundika kwenye mizani pamoja na vingine. Kilo 41.

Namba tatu zilikuwa bado kwenye ukuta, kwa mwandiko wake, na pale alipofuta na kuandika mara nyingi bati lilikuwa limeng'aa. Nilizinakili, nikamtumia binti kwa simu. Alijibu jioni. Alishukuru, akasema zile zilikuwa namba za kiti kile, za mota zile mbili na krosi ile. Kwenye mashine nyingine hazingefaa kitu.

Mnunuzi alirudi siku ya pili kuchukua mabati.